Java na ile catch tupu
Java, tangu 1995, inalazimisha: kama fishie inaweza kukosekana, ushike kosa ao utangaze kwamba metodi yako inaweza kulitupa. Wazo nzuri, lakini linazalisha uvivu. Kompaileta inapiga kelele, unaandika catch yenye haina kitu ndani, inanyamaza. Mimi niko agronome, nilifanya vile. Kwa fishie 12 za mihogo, mbili hazikuwa. Programu ikajumlisha 10, ikagawanya kwa 12. Mavuno yakashuka, nikalaumu udongo! C# ilikataa lazima hiyo. Kwangu Java ilikosea nusu tu: inachunguza kama kosa limeshikwa, haiangalii kama limefanyiwa kitu. Sasa ndani ya catch ninaandika jina la fishie, hesabu inasimama pale pale.