Majaribu ya Nguo Ntune: Kisasili cha Mbwaa Kati ya Fanani na Simu

Aghalabu mwanafunzi hufunzwa kuwa kisasili ni hadithi inayoeleza asili ya jamii au jambo fulani, kisha huachiwa mfano mmoja akariri. Makala haya yanachunguza kisasili cha Mbwaa cha Wameru. Yanadai kwamba hadithi inapohamia mitandao ya kijamii, hasara kubwa huwa katika utendaji.

Kwa muhtasari, mababu wa Wameru walitawaliwa kisiwani Mbwaa na Nguo Ntune, yaani watu wa nguo nyekundu. Baadhi ya wanahistoria wamekihusisha kisiwa hicho na Manda, karibu na Lamu. Watawala hao waliwatwika majaribu magumu: kiatu chenye manyoya pande zote mbili, ndama wa kutoa kinyesi cheupe, mkuki wa kufika mawinguni. Mengine yalitatuliwa kwa werevu. Ndama, kwa mfano, alinyweshwa maziwa matupu. Mkuki ulipowashinda, walitoroka wakiongozwa na Koomenjwe. Maji yaligawanyika, wakavuka. Waliovuka usiku, alfajiri na mchana ndio asili ya makundi ya Njiru, Ntune na Njeru: weusi, wekundu na weupe.

Motifu ya majaribu yasiyowezekana ipo pia katika ngano za Wakelti. Huko Wales, jitu Ysbaddaden alimpa Culhwch majaribu yapatayo 40 kabla ya kumwoza bintiye, Olwen. Hata hivyo, Culhwch anasaidiwa na mashujaa wa Mfalme Arthur, na tuzo yake ni mke. Katika Mbwaa, tuzo ni uhuru wa jamii nzima. Tofauti nyingine ni kwamba kisa cha Culhwch kimetufikia kupitia miswada ya karne ya 14. Maneno yapo, lakini fanani na hadhira yake hatuwajui.

Hatari hiyo sasa inaikabili Mbwaa. Mwanafunzi wa Kianjai, kando ya barabara ya Meru kwenda Maua, anaweza kusoma visa vyote viwili kwenye simu jioni moja, bila mhariri wala mdhibiti kuvichuja. Wapo wanaoona kwamba uhuru huo ndio tatizo. Lakini je, usimulizi wa jadi ulikuwa na mhariri? Ulikuwa naye: hadhira. Mzee akiruka jaribio moja, mwenzake humkumbusha. Mtoto asipoelewa, huuliza. Ujumbe unaosambazwa kutoka simu hadi simu hupoteza jina la msimulizi, kiimbo, ishara na lahaja ya Kitigania. Koomenjwe akifananishwa na Musa, hakuna wa kuuliza ulinganisho huo umetoka wapi. Mtahiniwa naye huliandika toleo hilo kana kwamba ndilo la pekee.

Je, simu ipigwe marufuku? La hasha. Wakelti wa Ayalandi wanatupa funzo. Kati ya 1937 na 1939, wanafunzi wapatao 50,000 wa shule za msingi takriban 5,000 walikusanya masimulizi kwa wazazi na majirani wao. Mara nyingi waliandika pia jina la msimulizi na mahali alipoishi. Leo kurasa hizo zinasomwa kwenye intaneti, na fanani hajapotea.

Mwalimu hana budi kuigeuza simu kuwa kinasa sauti. Kila mwanafunzi amwendee mzee mmoja, aombe ruhusa, arekodi toleo lake la Mbwaa, kisha aandike: nani alisimulia, wapi, lini, kwa lugha gani, na hadhira ilifanya nini. Darasani, matoleo hayo yalinganishwe na lile la mtandaoni: ni jaribio gani limeachwa, na kwa nini? Mtahiniwa wa karatasi ya 102/3 aliyefanya hivyo atajibu swali la umuhimu wa hadhira, au la changamoto za ukusanyaji, kwa mfano wake mwenyewe. Na mzee atakapoondoka, sauti yake itabaki pamoja na jina lake.