Daft Punk na ufundi wa kuondoa

Fungulia "One More Time" kwenye spika zenye besi ya kutosha, kisha usikilize hadi wimbo unapokaribia nusu. Dramu inakatika. Muziki wa klabu umezoea kukata mapigo manne au manane, halafu ngoma irudi. Hapa inakatika kwa zaidi ya dakika nzima, na mwimbaji Romanthony anabaki na kinanda tu, sauti yake ikiwa imepitishwa kwenye mashine mpaka imekuwa nusu mtu, nusu umeme. Wimbo wa kuchezesha watu, uliotoka Novemba 2000, unathubutu kuwasimamisha katikati ya ukumbi. DJ yeyote anaijua hatari hiyo: ukiwanyima watu mdundo, wanakumbuka kiu na kuelekea baa. Kwenye wimbo huu hawaendi. Wananyanyua mikono na kungoja.

Sehemu hiyo nimeirudia mara zisizo na idadi, na ndiyo iliyonifundisha namna ya kuwasikiliza Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo wa Daft Punk. Wanamuziki hawa wawili wa Paris husifiwa kwa walivyoongeza: helmeti za roboti, taa, piramidi. Kwangu mimi, ufundi wao mkubwa umo katika walivyoondoa.

Walikutana shuleni, Lycée Carnot, mwaka 1987. Bendi yao ya kwanza ilikuwa ya magitaa, ikiitwa Darlin', na mwenzao wa tatu alikuwa Laurent Brancowitz, ambaye baadaye alijiunga na bendi ya Phoenix. Jarida la Melody Maker la Uingereza liliuponda muziki wao kwa maneno ya kejeli, wao wakayaokota na kuyafanya jina: Daft Punk. Mwaka 1994 walitoa santuri yao ya kwanza kupitia Soma, lebo ndogo ya Glasgow. "Da Funk" ikafuata mwaka 1995. Lebo ya Virgin iliposaini nao mwaka 1996, walihakikisha kwamba maamuzi ya sanaa yanabaki mikononi mwao. Nadhani malezi yalichangia. Baba yake Bangalter, Daniel Vangarde, alikuwa mtunzi na prodyuza wa nyimbo za disko, kwa hiyo habari za mikataba na haki hazikuwa ngeni pale nyumbani.

Albamu ya kwanza, Homework, ilitoka Januari 1997 ikiwa imetengenezwa chumbani kwa Bangalter, na jina lake linatokana na hilo. Chumba kilikuwa na dramu mashine za Roland, TR-808 na TR-909, sampla, sintesaiza chache, na kompresa ya bei nafuu, Alesis 3630. Hiyo kompresa inastahili tuizungumzie kidogo.

Kazi ya kompresa ni kudhibiti sauti: ile inayopanda mno inashushwa. Fundi mitambo wa kawaida huiseti kwa uangalifu ili msikilizaji asijue kama ipo. Wafaransa hawa waliikaza mpaka ikasikika. Pitisha besi, kinanda na sampo (kipande kilichokatwa kutoka santuri nyingine) kwenye kifaa kimoja pamoja na ile ngoma nzito ya chini ambayo maprodyuza huiita kiki. Kiki ikipiga, kompresa inashtuka na kubana kila kitu. Kiki ikipita, inaachia, na sauti zote zinarudi kwa pamoja kama mtu aliyeibuka majini kuvuta hewa. Pigo, shimo, hewa. Pigo, shimo, hewa. Mwili wa mchezaji unaingia kwenye lile shimo. Kiki yenyewe haijaongezwa nguvu hata kidogo. Inaonekana kubwa kwa sababu kila kilicho jirani yake kimeinama kuipisha.

Ndugu yake kompresa ni filta. Ukiifunga, sauti za juu zinatoweka na muziki unakuwa kama unatoka nyumba ya jirani, upande wa pili wa ukuta. Ukiifungua taratibu, mlango unafunguliwa. Mfano ninaoupenda ni kazi ya Bangalter nje ya kundi: mwaka 1998, akiwa na Alan Braxe na mwimbaji Benjamin Diamond kwa jina la Stardust, alitoa "Music Sounds Better with You", wimbo uliosimama juu ya kipande kifupi kutoka "Fate" ya Chaka Khan. Kipande ni kilekile mwanzo hadi mwisho. Kinachobadilika ni kiasi unachoruhusiwa kukisikia.

"Around the World" inatumia akili hiyohiyo kwa njia nyingine. Kiitikio chake kinarudiwa mara 144, na bado hakichoshi, maana besi ikiingia gitaa linatoka, kinanda kikiingia ngoma inapumzika. Michel Gondry aliielewa hesabu hiyo alipoongoza video yake. Kila kundi la wachezaji lilipewa ala moja: roboti walishika sauti ya kuimba, wanariadha besi, mifupa gitaa, maiti waliofungwa sanda dramu. Mwanafunzi wa uprodyuza atajifunza mpangilio wa wimbo zaidi kwa kuitazama ile video kuliko kwa kusoma kurasa nyingi.

Kwenye Discovery, ya mwaka 2001, kisu kikageukia santuri za zamani. Tarumbeta za "One More Time" zinatokana na "More Spell on You" ya Eddie Johns, ya mwaka 1979; vipande vifupi vilinyofolewa na kupangwa upya hadi sentensi nyingine kabisa ikapatikana. "Harder, Better, Faster, Stronger" ikachukua funk ya Edwin Birdsong. Ni ushonaji wa hali ya juu, nami nausifu. Lakini mwaka 2021 gazeti la Los Angeles Times lilieleza kwamba Johns, mzaliwa wa Liberia, hakuwa amepata malipo kutokana na wimbo huo ulioizunguka dunia. Upande wa kundi ulisema malipo yalikuwa yakienda kwa kampuni yenye haki za santuri. Kisheria huenda hesabu imekaa sawa. Linaloniuma ni kwamba katika safari ya kukata na kuondoa, mwenye sauti naye aliondolewa.

Njia hii pia ina mpaka wake, na waliugonga. Human After All, ya mwaka 2005, ilitengenezwa kwa takriban wiki sita, na nyimbo kadhaa zinarudia wazo moja bila kulisogeza. Waliondoa hata kile kilichokuwa kikibeba marudio, yaani kule kuingia na kutoka kwa ala. Nyimbo hizohizo ziliokolewa jukwaani. Kwenye tamasha la Coachella, Aprili 2006, ndani ya piramidi ya taa, wawili hao walizipandanisha kazi zao: sauti ya wimbo mmoja juu ya besi ya mwingine, na nyimbo zilizokuwa kavu kwenye albamu zikapata nyama. Rekodi ya ziara iliyofuata, Alive 2007, ilinaswa kwenye ukumbi wa Bercy, Paris, na kwa maoni yangu ndiyo hoja yao nzito kuliko zote.

Kisha, mwaka 2013, wakaliacha lile lililowapa jina. Random Access Memories karibu haina sampo. Badala ya kunyofoa santuri za disko, waliwaita waliozipiga: Nile Rodgers kwenye gitaa, Nathan East kwenye besi, Omar Hakim na John Robinson kwenye dramu. Sikiliza "Get Lucky". Kordi nne zinazunguka, na hakuna hata moja inayotua ikakwambia tumefika nyumbani. Ile ya mwisho inakusukuma kwenye ya kwanza. Ndiyo maana wimbo ukiisha unahisi umekatizwa, na mkono unakwenda wenyewe kuurudia. Januari 2014 albamu hiyo iliwapa Grammy, ikiwemo ya albamu ya mwaka, nao wakapanda jukwaani na helmeti zao bila kusema neno.

Albamu nne za studio tangu 1997, ziara kubwa mbili tu. Tarehe 22 Februari 2021 wakatoa video ya kuaga, ambamo roboti mmoja analipuka jangwani, na baada ya miaka 28 kundi likaisha.

Novemba 2023 ikatoka Random Access Memories isiyo na dramu. Wengine waliiona biashara ya mabaki. Mimi niliisikiliza kwa hedifoni usiku, taa zikiwa zimezimwa, nikafika "Give Life Back to Music". Kiki haipo, kofi la dramu halipo. Gitaa la Rodgers linakwangua, besi ya East inatembea chini yake, na mguu wangu ulikuwa ukigonga sakafu mahali palepale ngoma ilipokuwa.