Heko kwa Mfuga Nyuki wa Jioni

Asali ya mfuga nyuki wa kujifurahisha haimtajirishi. Nyingi huishia kwa majirani. Hata hivyo namvulia kofia. Muulize kuhusu ua la boga: hufunguka alfajiri, hufumba kabla ya adhuhuri, na pasipo mdudu wa kubeba chavua kutoka ua dume hadi jike, hakuna boga. Ndiyo maana humsihi jirani apulize dawa magharibi, nyuki wakisharudi mzingani. Wala hapendelei wa kwake tu. Wale nyuki weusi wanene wanaotoboa boriti, ambao mafundi huwalaani (na si bure), ndio hodari wa kuchavusha pasheni, ambayo ua lake ni kubwa mno kwa nyuki wa asali. Yeye huwaachia gogo kavu uani.