Picha ya Pili

Mtoto wa Mji wa Kale Mombasa humjua mtu mwenye ulemavu kabla hajajua kusoma, na humjua siku ya Ijumaa. Asubuhi hiyo wenye maduka huweka sarafu kando ya mizani, na waombaji hupita mlango kwa mlango. Mmoja huongozwa na mjukuu aliyeshika ncha ya fimbo, mwingine hujisukuma juu ya kibao chenye vigurudumu. Nyanya humtia mtoto shilingi kumi kiganjani: "Mpe maskini, mwanangu, upate thawabu." Mtoto hunyoosha mkono, sarafu hulia, maskini huomba dua, mambo yakaisha. Siilaumu sadaka hiyo, nami nimelelewa nayo. Lakini picha ya kwanza huganda. Iliyoganda kwa wengi wetu ni kiganja kilicho wazi: hakina jina, hakina kazi, hakina utani.

Hapa nataka kuwasifu wanaochora picha ya pili: wachoraji wa vitabu vya watoto, na wale wageni wanaoingia madarasani kwa magongo, kwa viti vya magurudumu au kwa fimbo nyeupe, wakakaa mbele ya watoto arubaini na kitu na kuwaambia, haya, ulizeni.

Nianze na sarufi, maana Kiswahili chenyewe kina neno la kusema hapa. Kipofu, kiziwi, kilema, kiwete, kiguru: majina haya wazee wetu waliyaweka katika ngeli moja na kiti, kisu na kikombe. Ukiishia hapo utasema lugha imemtia mtu kabatini pamoja na vyombo. Sasa mpe kitenzi. Hakuna Mswahili asemaye kipofu kimekuja. Kipofu amekuja, amekaa, amekunywa kahawa, ametucheka. Jina lilimfungia ndani, kitenzi kikamfungulia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inataka mtu mwenye ulemavu asiitwe kwa namna inayomdhalilisha, na walimu wengi wameitikia: wanafundisha kusema asiyeona, mwenye ualbino, mtu mwenye ulemavu. Vyema. Ila mtoto aliyepewa jina jipya bila kitenzi atabaki na huruma ileile ya Ijumaa, isipokuwa sasa ina adabu zaidi.

Kazi ya mchoraji mzuri ni kazi ya kitenzi. Tazama kiti cha magurudumu vitabuni. Mara nyingi ni kile cha hospitali: vishikio viwili nyuma, mtoto amekunja mikono mapajani, mtu mzima anasukuma. Hakuna neno baya lililoandikwa, lakini picha imeshasema kwamba huyu huenda apelekwako. Anayejua kazi yake huchora gurudumu kubwa lenye ukingo wa kushika, viwiko vimekunjwa, mabega yameinama mbele kidogo, breki ziko mahali pake. Mtoto anakwenda. Hata magongo yana elimu yake. Uzito wa mwili huwa viganjani, si kwapani, na anayemchora mtu akining'inia kwa makwapa kama nguo kwenye kamba hajawahi kumtazama mtu akitembea. Fimbo nyeupe nayo haishikwi kama bakora ya mzee. Inapepea mbele, kushoto mguu wa kulia unapotoka, kulia unapotoka wa kushoto, ikipima mahali ambapo unyayo haujafika.

Lugha ya ishara ndiyo inayomtesa mchoraji kuliko yote. Kidole kikikosea neno limegeuka, na ishara nyingi zina mwendo ambao karatasi haiwezi kuubeba. Ndiyo maana nawapongeza eKitabu wa hapa Kenya, wanaotoa hadithi za watoto kwa video ya Lugha ya Ishara ya Kenya. Msimulizi yuko hai kwenye skrini, uso wake ukifanya kazi ambayo sauti hufanya kwa mtoto anayesikia.

Lakini mahali fundi anapojulikana ni kwenye kitabu cha kugusa. Wengi hudhani ni rahisi: chukua mchoro, inua mistari yake kwa uzi na gundi, mpe asiyeona apapase. Jaribu hilo kwa meli. Pale ufukweni Mama Ngina meli za mizigo zinazoingia bandari ya Kilindini hupita karibu hata unasoma majina ubavuni. Mchoro wa meli kama jicho linavyoiona, omo upande huu, tezi upande ule, makontena juu, ni kitu cha jicho tu. Kidole kikipita juu yake kinakuta vijimistari visivyo na maana. Kwa mtoto asiyeona meli ni honi inayotetemesha kifua, ni harufu ya mafuta, halafu, meli yenyewe ikiwa imeshapita, ni mawimbi yanayochelewa kugonga mawe chini ya ukuta. Basi ukurasa wa meli uwe wa namna gani? Mwalimu mmoja mstaafu ninayemfahamu alishonea kitambaa safu tatu za makumbi ya nazi, kila moja nene kuliko iliyotangulia, na mwisho kipande cha mpira wa gurudumu. Mtoto anapitisha kiganja: laini, kwaru, kwaru zaidi, kisha kitu kigumu, baridi, kisichokwisha. Nilifumba macho nikapapasa. Sikuiona meli. Niliona ujio wake, na nikakiri kwamba kwa miaka yote niliyokaa pale nikila muhogo, hilo sikuwahi kuliona kwa macho.

Mwalimu huyo hanunui vifaa. Vipande vya leso, ukili uliobaki kwenye mkeka, magamba ya mabuyu, msasa wa seremala. Mji wa Kale umejaa vitu vya kidole, kuanzia nakshi za milango.

Sasa ziara. Kisiwa cha Mombasa na viunga vyake vina shule zake maalumu, na si haba: Likoni ya wasioona, Ziwani ya viziwi, Port Reitz ya wenye ulemavu wa viungo, Tom Mboya ya wenye mtindio wa ubongo. Zimewasomesha watoto ambao pengine wangefichwa vyumbani. Lakini zina kivuli chake: zimewatenga watoto wa mji mmoja katika mafungu, kila fungu na geti lake. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Kwa hesabu hiyo, kila darasa la watoto 45 lingekuwa na mmoja. Ingia madarasa mengi uhesabu. Tangu mwaka 2018 sera ya serikali inataka watoto wasome pamoja, lakini sera huandikwa kwa siku na ngazi hubomolewa kwa miaka. Katikati hapo ndipo ilipo kazi ya mgeni.

Kuna michezo ya ziara nisiyoipenda. Ule wa kuwafunga watoto leso machoni ili waonje upofu, kwa mfano. Wanaonja nini? Dakika tano za kwanza za giza, kugonga madawati na kuogopa. Mtu aliyeishi bila kuona miaka ishirini haishi katika dakika hizo tano. Ana ramani ya mji kichwani, anajua duka la halua kwa harufu na kona ya msikiti kwa mwangwi. Mtoto anatoka pale amejifunza woga, halafu tunauita woga huo huruma. Siupendi pia ule mtindo wa mwalimu kufunga kipindi kwa kusema hujafa hujaumbika. Methali ni ya kweli, lakini sikiliza namna tunavyoitumia, mgeni akiwa bado amekaa pale mbele: msimcheke, yaweza kuwafika nanyi. Yaani yeye ndiye msiba wenyewe, umekuja kutembea.

Mgeni anayejua kazi yake huanza kwa kunyamaza. Nilimwona mmoja, mtu mzima wa mguu mmoja, katika darasa la pili kisiwani. Aliketi, akaegemeza magongo ukutani, akanywa maji taratibu. Aliwaacha watazame mpaka macho yao yakashiba. Kisha akauliza nani ana swali lakini anaona haya. Mkono wa kwanza ulikuwa wa kijana mdogo wa nyuma kabisa.

"Mjomba, suruali wavaaje?"

Mwalimu alitaka kumkemea. Mgeni akamzuia kwa kiganja.

"Kama wewe, mwanangu. Mguu mmoja kwanza. Ila mimi hapo huwa nimeshamaliza."

Darasa liliangua kicheko, naye akacheka zaidi yao. Tangu hapo maswali yalikuwa mvua: yuwaogelea, yuwapanda matatu, ana mke, kiatu cha pili hukitupa? Akayajibu yote, hata la kiatu. Hakuwaambia kwamba yeye ni sawa na wao. Waliiona wenyewe katika vitenzi.

Ndiyo sababu napenda pia ziara za upande wa pili, darasa likasafiri hadi Bombolulu, kule karakana za Chama cha Watu wenye Ulemavu wa Viungo Kenya zilikoanza mwaka 1969. Watoto wanapita kati ya meza, mtu anachonga, mwingine anashona, wa tatu anapinda shaba iwe hereni, kisha dukani wanatajiwa bei na wanakuta haipunguzwi ovyo. Mkono ule ule wa Ijumaa, lakini safari hii mtoto ndiye anayeutolea hela ili apewe kitu.

Vitabu vya nje navyo vina la kutufunza, na la kutuonya. Susan Laughs, cha Jeanne Willis kilichochorwa na Tony Ross mwaka 1999, kinamwonyesha msichana akicheka, akiimba, akikasirika, na mwisho kabisa ndipo unapoona kiti chake cha magurudumu. Ni kazi safi. Ila mimi ningemwonyesha kwenye kiti kile tangu ukurasa wa kwanza, asije mtoto akadhani kiti ni siri. Kisha kuna Emmanuel's Dream cha mwaka 2015, kisa cha kweli cha Emmanuel Ofosu Yeboah wa Ghana, aliyezunguka nchi yake kwa baiskeli, kwa mguu mmoja, karibu kilomita 600. Kisa kitukufu. Hata hivyo mtoto wa jirani hapaswi kuendesha baiskeli kilomita 600 ndipo aitwe mchezoni.

Na sisi tulikuwa na chetu siku zote. Mtoto wa chuo cha Kurani Mji wa Kale huhifadhi Sura ya Abasa pamoja na sura nyingine za Juzuu ya Amma, pengine hajafika miaka kumi. Kisa chake, kama wafasiri wanavyokieleza, ni cha Abdullahi bin Ummi Maktum, asiyeona, aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kutafuta elimu wakati amekaa na wakubwa wa Makureshi, na uso ukakunjwa, na aya zikashuka kwa ajili yake. Baadaye bwana huyo alikuwa mmoja wa waadhini wa Mtume. Huyu hakuja kuomba sarafu. Alikuja kuuliza swali. Maalim akiieleza maana hiyo kwa Kiswahili siku ya Alhamisi, nadhani Ijumaa yake mtoto atampa maskini sarafu na salamu, na pengine atamuuliza jina.

Mchoraji mmoja aliniletea juzi ukurasa aliokuwa akiutengeneza. Ni Mama Ngina, kwenye njia pana ya ufukweni iliyotengenezwa upya mwaka 2019. Mibuyu nyuma, meli inaingia, muuza muhogo na karai lake, familia zimetoka kupunga upepo wa Jumapili. Kando ya ukuta msichana wa miaka minane hivi, kwenye kiti cha magurudumu, breki zimefungwa, mdomo umejaa. Tulikwenda pale pale alasiri, tukamwonyesha mtoto wa dada yangu. Aliinamia karatasi muda mrefu. Aliuliza gurudumu dogo la mbele ni la nini, akaambiwa. Aliuliza kama kiti hupita kwenye mchanga, akaambiwa hukwama. Akarudi kutazama, akakunja uso, akaweka kidole kwenye kile kikaratasi cha muhogo mkononi mwa msichana.

"Mbona huyu hakutiliwa ndimu?"

Mchoraji alitoa penseli ya kijani.