Siku Tatu za Tano: Uhakiki wa Dai la Maana ya Kiroho ya Namba katika Mwambao wa Bugarama na Rumonge

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kuanzia Bugarama hadi mjini Rumonge, kuna siku tatu zinazofuatana na zote huitwa ya tano. Jumatano ni ya tano kwa jina lake la Kiswahili. Alhamisi ni ya tano kwa asili yake ya Kiarabu, ingawa wasemaji wengi hawaisikii tena tano iliyomo ndani yake. Ijumaa ni ya tano kwa Kirundi, ku wa gatanu. Aidha, mfanyabiashara anayetoka ng'ambo ya pili ya ziwa, akizungumza Kiswahili cha Kongo, huenda akaiita Ijumaa hiyohiyo kazi tano. (Bugarama inayozungumzwa hapa ni ile iliyoingizwa kama tarafa katika mkoa wa Rumonge ulipoundwa mwaka 2015, si ile ya Muramvya iliyo njia panda ya milimani.)

Makala haya yanaanzia kwenye siku hizo tatu ili kuhakiki dai linalosikika misikitini, makanisani na hata madarasani: kwamba namba zina maana ya kiroho inayopita ile ya sayansi ya maumbile. Dai hilo lina wapinzani wake. Wao husema namba ni kipimo cha wingi tu, na chochote kinachoongezwa juu yake ni ushirikina. Msimamo wangu ni kwamba pande zote mbili zinakosea mahali pamoja. Zote huichukua namba ikiwa imekwisha kung'olewa kwenye hesabu iliyoizaa, kisha zikabishana iwapo kilichobaki mkononi kina roho au hakina.

Mjadala wenyewe ni mkongwe nje ya eneo letu, na hauhitaji kutuchelewesha. Galileo aliandika mwaka 1623 kwamba ulimwengu umeandikwa kwa lugha ya hisabati. Mwaka 1960 mwanafizikia Eugene Wigner alistaajabia hadharani jinsi hisabati inavyofaa kueleza maumbile kupita tunavyoweza kutoa sababu. Wanaotetea maana ya kiroho hupenda kuwataja watu hawa kama mashahidi. Lakini ushahidi wao unahusu mfumo mzima wa hisabati, haumhusu saba wala tisa. Kutoka kwenye mshangao wa Wigner hadi kwenye hirizi yenye tarakimu ni safari ndefu ambayo hakuna aliyetuonyesha njia yake.

Turudi kwenye majina ya siku. Wiki ya Kiswahili huanza kuhesabiwa Jumamosi: mosi, pili, tatu, nne, tano. Kisha inakuja Alhamisi, inayoleta tano ya Waarabu, ambao huhesabu kuanzia Jumapili. Mwisho ni Ijumaa. Wiki ya Kirundi huanza Jumatatu, ku wa mbere, ikaendelea hadi Jumamosi, ku wa gatandatu, na kumalizikia Ku w'Imana, siku ya Mungu. Watafiti wengi wameigusa tofauti hii kama suala la historia tu: Kiswahili kilifika mwambao huu kwa njia ya Ujiji katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara Waislamu, ilhali wiki ya Kirundi iliyopo leo ina muhuri wa wamisionari. Ni kweli, lakini maelezo hayo yanapita juu ya jambo lenye uzito zaidi. Katika kila mfumo, siku iliyo takatifu haina namba. Ijumaa ni mkusanyiko. Ku w'Imana ni ya Mungu. Hesabu huanza kesho yake.

Kama namba zingekuwa na utakatifu ndani yake, tungetarajia siku ya ibada ipewe namba iliyo bora kuliko zote. Kinyume chake, utakatifu huiondoa siku katika hesabu. Wasabato wanatupa jaribio zuri la hoja hii. Siku wanayoabudu tayari ilikuwa na namba katika Kiswahili, mosi, na katika Kirundi, sita. Wao, wanapoizungumzia kama siku ya ibada, huiita Sabato, na namba zote mbili huanguka. Upande wa Katanga nako, ambako siku za wiki zilihesabiwa kwa kazi, kazi moja hadi kazi tano, siku ya mapumziko ilibaki na jina lake mbali na orodha hiyo. Huko hata Jumamosi ilitoka kwenye hesabu na kuitwa siku ya posho, jambo linaloonyesha kwamba si ibada pekee inayoweza kufanya hivyo. Mwajiri naye aliweza.

Basi tano ya Jumatano na tano ya gatanu hazipingani. Kila moja inapima umbali kutoka siku ya ibada ya jamii iliyoihesabu. Namba inabeba maana ya kiroho, naam, lakini inaibeba kama kigingi cha barabarani kinavyobeba jina la mji: mji hauko ndani ya kigingi.

Ushahidi wa aina hiyohiyo umejaa katika maisha ya kila siku. Arobaini ya mzazi huhesabiwa tangu kujifungua, na arobaini ya marehemu tangu kufariki. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na hakuna anayeuliza nguvu ya nne wala ya kumi. Kinachoulizwa ni mume alifariki lini. Neno fungate, ambalo vijana wengi hulichukulia kuwa mapumziko tu ya maharusi, ni mabaki ya mfungate, saba ya Kibantu iliyokuwamo katika Kiswahili kabla ya saba ya Kiarabu kuchukua nafasi yake. Namba ilipopoteza kazi sokoni, ilibaki ndani ya nyumba ya arusi, kwa sababu huko ilikuwa imefungwa kwenye tukio. Kirundi kimefanya jambo linalofanana na hilo kwa njia yake: indwi ni saba, na indwi ni wiki.

Hapa sarufi ina neno la kusema ambalo wanafalsafa hawajalisikiliza vya kutosha. Kiswahili husema watu watatu, vitabu vitatu. Kirundi husema abantu batatu, ibitabu bitatu. Kinachohesabiwa hutangulia, na namba huvaa kiambishi chake. Alexis Kagame, katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu falsafa ya uwapo iliyomo katika Kinyarwanda, ndugu wa karibu wa Kirundi, aligawa vyote vilivyopo katika makundi manne: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Wingi aliuweka katika ukuntu, yaani namna. Namba, kwa mtazamo huo, si kitu. Ni namna ya vitu kuwapo. Kagame alikosolewa, na kwa haki, kwa kuivisha lugha joho la Aristotle. Hata hivyo, katika hili upatanisho wa kisarufi uko upande wake.

Uko upande wake kwa sehemu. Sita, saba, tisa na kumi hazipokei kiambishi katika Kiswahili. Kirundi nacho kuanzia saba hutumia majina yanayosimama peke yake, indwi, umunani, icenda, icumi. Mtu anaweza kushawishika kusema kwamba namba inaposimama peke yake ndipo inapoanza kuonekana kama kitu, na kinachoonekana kama kitu huweza kudhaniwa kuwa na nguvu. Ningependa hoja hiyo iwe kweli, kwa sababu ingelinyooshea makala haya njia. Haiwi. Saba ina sifa nyingi za kidini, lakini sita na tisa, zilizokopwa pamoja nayo na zisizopatana vilevile, hazina hadhi hiyo kwa wasemaji wetu. Sarufi inaeleza kwa nini namba inaweza kufikiriwa peke yake. Haielezi kwa nini moja iheshimiwe kuliko nyingine.

Mfano ulio wazi zaidi uko ziwani. Uvuvi wa ndagala hutegemea taa: samaki hufuata mwanga gizani, na mwezi unapopevuka taa hupoteza nguvu yake, kwa hiyo mitumbwi hukaa ufukweni. Mwezi hupevuka karibu na tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu. Hizo ndizo siku nyeupe ambazo Waislamu wamependekezewa kufunga. Kwa mvuvi Mwislamu wa Rumonge, tarehe zilezile tatu zina sababu mbili, moja ya maumbile na moja ya ibada. Hakuna kinachomlazimu kuifuta moja ili nyingine ibaki. Sayansi inamweleza kwa nini wavu utatoka mtupu. Haimwelezi afanye nini na siku zisizo na kazi. Wala 13 yenyewe haimwelezi, kwa maana 13 ya kalenda ya ofisini mwezi huohuo hupita bila kufunga na bila mbalamwezi.

Dai la nguvu ya namba huwa na sura tofauti kabisa linapoingia katika hesabu ya abjadi. Humo kila herufi ya Kiarabu ina thamani: alifu 1, be 2, jimu 3, na kuendelea hadi 1000. Maneno ya bismillahi yakijumlishwa kikamilifu hutoa 786, nayo imekuwa alama ya baraka kwa watu wengi. Jumla ni sahihi: 102, 66, 329 na 289. Tatizo ni kwamba usahihi wake unategemea makubaliano mawili. Kwanza, tahajia: alifu ya neno ismu imedondoshwa katika maandishi ya bismillahi, na ikirudishwa tunapata 787. Pili, mpangilio wa herufi. Katika abjadi ya Mashariki sini ni 60, lakini katika abjadi ya Magharibi, iliyotumika Moroko na jirani zake, sini ni 300. Maneno yaleyale, imani ileile, na jumla inakuwa 1026. Mambo huzidi kuwa magumu kwa majina ya mwambao huu yenye ch, g, p au v, herufi zisizokuwamo katika abjadi asilia. Anayeyapigia hesabu lazima achague mbadala, na chaguo lake ndilo linalozaa jibu.

Sisemi hivyo kwa kudharau. Ramli, kwa mfano, ina maumbo 16, kila umbo likiwa na mistari minne ya nukta moja au mbili, na mwalimu wa hisabati angeweza kuitumia kufundisha vipeo vya mbili kuliko mifano mingi iliyomo vitabuni. Ninachosema ni kwamba hapa namba imekatwa kutoka kwenye tukio na kuulizwa maswali ambayo haiwezi kuyajibu.

Pingamizi moja linastahili jibu. Ibada nyingi zina idadi maalumu zisizohesabiwa kutoka tukio lolote: rakaa mbili za alfajiri, tatu za magharibi, mizunguko saba ya Kaaba. Je, hapo namba si takatifu yenyewe? Wanazuoni wa fikihi wana neno kwa mambo haya, taabudi: yanatendwa kwa utii bila kudai kujua hekima yake. Yaani elimu ya dini yenyewe imekataa kuitolea namba siri. Tazama pia tasbihi ya Mwislamu na rozari ya Mkatoliki. Vyote ni vyombo vya kukabidhi hesabu kwa vidole ili moyo usihesabu.

Kuhusu kuhesabu watu, John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alitaja mwiko wa kuhesabu watu na mifugo katika jamii nyingi, na akadokeza kwamba pamoja na hofu ya balaa, huenda sababu ni kuwa jamii haifafanuliki kwa idadi. Claudia Zaslavsky, mwaka 1973, alikusanya mifano mingi ya aina hiyo. Kazi zote mbili zina thamani, ila zina kasoro ya mkusanyaji: saba kwa hawa, tisa kwa wale, bila kuuliza nani anahesabu, kuanzia wapi, na kwa ajili ya nani. Dokezo la Mbiti lilikuwa mlango, naye hakuingia. Anayehesabiwa si adui wa hesabu. Anataka kujua anahesabiwa kwa lipi. Biblia ya Kiswahili hutumia kitenzi kimoja kwa sensa ya Daudi na kwa mtu kuhesabiwa haki, na Waislamu huisubiri siku ya hesabu. Wataalamu wa takwimu wanaosambaza dodoso mwambaoni wanaingia na neno hilo, pamoja na uzito wake wote, hata kama mwongozo wao unalifasili kuwa kukusanya idadi.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kinafundishwa shuleni. Mwanafunzi wa Bugarama anayejifunza kwamba Jumatano ni siku baada ya Jumanne amejifunza orodha. Hajaambiwa kwa nini tano yake ya nyumbani iko siku mbili mbele, na kosa lake likisahihishwa kwa wino mwekundu tu, hutoka akidhani kuwa moja ya lugha zake haijui kuhesabu. Athari haziishii darasani. Tuseme mkunga amemwambia mama amrudishe mtoto siku ya tano. Kwa Kiswahili sanifu hilo linaweza kueleweka Jumatano, kwa Kirundi Ijumaa, na kwa hesabu ya siku tangu kuzaliwa linaweza kuwa siku yoyote. Wanaoandaa vitabu vya kiada, kadi za kliniki na istilahi za hisabati chini ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki wanapaswa kuandika jina la siku pamoja na tarehe, na katika somo la majina ya siku waweke safu za Kiswahili na Kirundi bega kwa bega, siku ya kuanzia ikiwa imetiwa alama katika kila safu.