Plicare: Tanga, Mahema na Hadithi za Darasani

Walimu wa isimu historia hupenda sana mfano wa kitenzi cha Kilatini plicare, yaani kukunja. Katika Kihispania kimezaa llegar na katika Kireno chegar, vyote viwili "kufika". Katika Kiromania kimezaa a pleca, "kuondoka". Hadithi inayofuata ni tamu: mabaharia wa Hispania walikunja tanga walipofika bandarini, na askari wa Kirumi kule Dakia walikunja mahema walipoondoka. Darasa hucheka, mwalimu akaendelea na mengine.

Sina ugomvi na sauti. Pl ya Kilatini mwanzoni mwa neno huwa ll katika Kihispania, ch katika Kireno, na hubaki pl katika Kiromania. Linganisha pluvia (mvua): lluvia, chuva, ploaie. Huo ni ushahidi kwa kuwa unajirudia.

Tanga na mahema ni jambo jingine. Egeria, mwanamke aliyekwenda kuhiji Mlima Sinai katika karne ya 4, alitumia plicare kwa maana ya kusogelea mahali, naye alikuwa safarini nchi kavu. Warumi walikuwa pia na applicare, kufikisha chombo pwani. Bahari basi imo, ila kukunja tanga si lazima. Mahema yana nguvu kidogo: Mfaransa husema plier bagage kama sisi tusemavyo kufunga virago. Lakini hilo linaonyesha tu kwamba njia hiyo inawezekana. A pleca ni kuinama pia, na huenda maana ilipitia hapo.

Haya yanatuhusuje? Wanafunzi wetu hapa Rwanda huandika "walinzi walilala doria", nasi tunacheka. Kurara cha Kinyarwanda na kulala cha Kiswahili ni ndugu wa damu, ila kurara ni kupitisha usiku, hata ukiwa macho. Ndiyo maana husemwa kurara irondo. Usingizi wenyewe una kitenzi chake, gusinzira. Mwalimu aliyezoea hadithi ya tanga hatakosa kubuni nyingine ya walinzi wavivu. Afadhali aanze na sauti, kula na kurya, kulia na kurira, kisha amtake mwanafunzi alete sentensi kumi za kurara kutoka kwao, ndipo maana ijadiliwe.