Onyo Linalokana Mara Mbili

Soma kwa sauti onyo hili, la namna tuliyoizoea huku Uvira kila kipindupindu kirudipo: "Usinywe maji yasiyochemshwa." Sarufi yake haina kosa. Hata hivyo ni onyo baya.

Lakana mara mbili: kwanza u-si-nywe, kisha ya-si-yochemshwa. Ile -si- ya pili imejificha ndani ya neno refu. Badili herufi moja tu, uweke -li- mahali pa -si-, na onyo litasema: usinywe maji yaliyochemshwa! Sasa litangaze kwa kipaza sauti huko Mulongwe, kati ya ngurumo za pikipiki na kelele za wauza ndagala. Nani atasikia -si- na nani atasikia -li-?

Tena akili hupokea neno la kukana kwa taabu. Peter Wason wa London, katika makala yake ya mwaka 1961, alieleza jinsi alivyowapa watu sentensi waamue kama ni kweli au uongo; zile zenye kukana ziliwachukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1983 Ira Fischler na wenzake, huko Marekani, walipima umeme wa ubongo wa watu waliosoma sentensi za namna ya "kunguru si ndege". Ni uongo mtupu, lakini katika nusu sekunde ya kwanza ubongo ulitulia kama uliosikia jambo la kweli, kwa kuwa kunguru na ndege ni majina yanayoandamana. Neno "si" lilikuwa bado halijafanya kazi yake.

Mhindi hulitia neno lake la kukana, nahin, karibu na kitendo, nacho kitendo kwa kawaida huja mwisho wa sentensi. Sisi tuna bahati: u-si- hutangulia. Mbona tunaiharibu bahati hiyo kwa -si- nyingine?

Sisemi tusikane kamwe. Mwaka 2008 Nieuwland na Kuperberg walionyesha kwamba kukana hakuuchelewishi ubongo iwapo mazungumzo yenyewe yanakudai. Aonaye maji ya Tanganyika yaking'aa akayadhani safi, mwambie: "Maji haya si salama." Hapo wajibu wazo alilo nalo. Lakini penye kazi ya mikono, taja kazi: "Chemsha maji, ndipo unywe."

Kweli, sentensi njema haileti makaa wala haifungui bomba. Uchunguzi wa Uvira uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba baada ya siku isiyo na maji ya bomba, walioingia hospitali kwa kudhaniwa wana kipindupindu waliongezeka zaidi ya maradufu katika siku 12 zilizofuata. Bomba likikauka, mama hushuka ziwani na ndoo yake. Siku hiyo ndiyo anayolihitaji onyo, na siku hiyo hana nafasi ya kulifumbua.